Mlinzi anaweza kunifutia picha? Kupiga picha madukani na sokoni Tanga

SWALI: "Nina duka la madera na vitenge Ngamiani. Wateja wangu wengi nawapata Instagram na kwenye status za WhatsApp, kwa hiyo napiga picha kila siku: nguo zangu, za wenzangu ninaowatangazia, na pilikapilika za soko. Wiki mbili hivi zilizopita nilikuwa ndani ya jengo moja la maduka mjini, nampiga picha rafiki yangu aliyevaa dera. Mlinzi akaja akasema ni marufuku kwa sababu za usalama, ni sheria ya nchi. Akaninyang'anya simu, akafuta picha zote za siku ile, hata ambazo sikuzipigia pale. Siku chache baadaye, sokoni, mtu aliyejitambulisha kuwa wa ushuru akasema kupiga picha kunahitaji kibali, na nikitaka yaishe nitoe elfu ishirini. Nilitoa kumi. Kweli kuna sheria hiyo? Wana haki ya kufuta? Nifanye nini niendelee na kazi bila kugombana na watu? Na kijana wangu anataka kununua droni, inaruhusiwa?"

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyokukuta. Kabla ya mambo ya sheria, kuna vitu viwili ambavyo ukichelewa vinapotea.

Cha kwanza ni picha zenyewe. Huenda bado unazo. Fungua programu ya picha kwenye simu utafute sehemu ya zilizofutwa. Kwenye iPhone na Samsung picha iliyofutwa hukaa humo siku 30. Kwenye Google Photos hukaa siku 60 kama ilikuwa imeshapanda kwenye akaunti yako, na 30 kama haikupanda. Walinzi wengi hufuta mara moja wakaridhika, hawajui kuna pipa la pili. Kama picha zilikuwa kwenye memori kadi, acha kuitumia leo hii. Kufuta hakuiondoi picha kwenye kadi, kunaachia tu nafasi yake ikaliwe na kitu kingine, na kila picha mpya inaweza kuikalia. Itoe kadi umpelekee fundi wa kompyuta aisome kwa programu ya kurejesha mafaili. PhotoRec ni ya bure na inatosha. Mwambie atakachokipata akihifadhi kwenye kompyuta, asikirudishe kwenye kadi ileile. Ila kama zilikuwa kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu na pipa nalo limesafishwa, usimpe pesa mtu anayekuahidi kuzirudisha. Simu za siku hizi hufunga data kwa namna ambayo fundi wa mtaani haifungui.

Cha pili ni video ya kamera za jengo. Mashine ya kurekodi, diski ikijaa, huandika juu ya siku za zamani. Kwa kamera 8 na diski ya terabaiti 1, mara nyingi haipiti wiki mbili. Kama unafikiria kulalamika, barua ya kuomba video ya siku ile itunzwe iende kesho, si mwezi ujao. Ikiwa imeshafutika, barua hiyo bado ni kumbukumbu kwamba uliomba.

Sasa hiyo "sheria ya nchi". Tanzania haina sheria inayosema kwa ujumla kwamba kupiga picha dukani au sokoni ni kosa. Zipo sheria kadhaa, kila moja na kipande chake, na mlinzi aliyesikia hiki na kile huzikunja zote ndani ya neno moja: usalama. Ili ujue umesimama wapi, uliza mambo matatu. Hapa ni mali ya nani? Ndani ya picha kuna nini? Na picha inakwenda wapi?

Tuanze na mali, maana hapo ndipo mlinzi wako alikuwa na nusu ya haki. Jengo la maduka, hata kama mlango uko wazi na watu wanaingia kama mto, ni mali ya mtu. Mwenye mali anaweza kuweka masharti: usivute sigara, usiingie na baiskeli, usipige picha. Si lazima sharti liwe limebandikwa ukutani, inatosha kuambiwa. Ukiambiwa acha, acha. Ukiambiwa toka, toka. Ukibaki kwa makusudi ya kumkera au kumtisha mwenye nyumba, unajisogeza kwenye kosa la jinai la kuingilia mali ya mtu lililomo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo utakuwa umempa yeye kesi aliyokuwa hana.

Lakini mamlaka yake yanaishia mlangoni. Mlinzi wa kampuni si askari polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia yeyote kumkamata mtu anayetenda mbele yake makosa fulani, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kupiga picha ya dera si mojawapo. Hata polisi mwenyewe akichukua kitu chako kwa upekuzi anatakiwa akupe hati ya kukiri kwamba amekichukua. Kukunyang'anya simu kwa nguvu ni jambo la kushtakiwa, awe amevaa sare au kanzu. Na kufuta ni kubaya zaidi ya wengi wanavyodhani: kifungu cha 7 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtia hatiani mtu anayefuta data za kompyuta kwa makusudi bila haki, na simu yako nayo inaingia humo. Sheria ambayo watu wanaiogopa kwa sababu ya maneno ya mitandaoni, hapa iko upande wako. Angekuomba ufute na wewe ukafuta kwa hiari, kesi ingekuwa nyingine. Ndiyo maana siku nyingine ukiombwa, jibu "natoka sasa hivi, lakini sifuti", kwa sauti ya chini.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya picha. Hapa yapo maeneo ambayo kweli sheria inayalinda, kupitia sheria ya maeneo yanayolindwa ya 1969 na ile ya Usalama wa Taifa ya 1970: kambi za jeshi, magereza, na mitambo iliyotangazwa rasmi. Kwa Tanga zihesabu humo pia bandari, vituo vya polisi, na eneo la Chongoleani linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima. Usianze kubishana kama tangazo lilitoka au halikutoka. Shida ya mji wetu ni kwamba bandari iko puani. Ukisimama Bustani ya Jamhuri kupiga picha ya mtu na bahari nyuma yake, meli na winchi huingia kwenye kona bila wewe kujua. Kabla hujabonyeza, pitisha macho kwenye kona nne za fremu. Ukiona geti lenye askari, sogea hatua tatu ugeuze upande.

Kwa nini walinzi wetu wana wasiwasi kiasi hiki? Si bure. Septemba 2013 watu wenye silaha waliingia Westgate, Nairobi, na tangu hapo majengo ya maduka ya ukanda huu yameweka vifaa vya kupekua mikoba na amri za kuzuia kamera. Kwetu Tanga, Februari 2015 kulikuwa na mapambano ya risasi maeneo ya mapango ya Amboni, na watu hawajasahau. Ni kweli pia kwamba mtu anayepanga uovu huchunguza mahali kwanza. Ila haji na kamera kubwa akimwelekeza rafiki yake ageuke kushoto. Anakuja na mfuko wa nyanya, anatazama. Akihitaji picha, simu iko mfuko wa shati, lenzi nje. Marufuku ya jumla humnasa anayepiga waziwazi na kumwacha huyu apite. Mlinzi mzuri haangalii kamera, anaangalia inaelekezwa wapi: mlango wa nyuma, mahali kamera za ulinzi zilipofungwa, saa walinzi wanapopokezana, mezani wakati mwenye duka anafunga hesabu. Mtu akipiga hivyo mara mbili tatu na bidhaa haimo, aulizwe. Ningekuwa namshauri mwenye jengo, ningemwambia aandike hivyo kwenye maelekezo ya walinzi badala ya "picha marufuku".

Na tuseme ukweli, mara nyingi neno usalama limefunika hofu nyingine. Ukiijua hofu yenyewe, unaweza kuijibu.

Mwenye duka anawaza TRA, watu wa kodi. Picha inayoonyesha shehena dukani na mashine ya risiti iliyofunikwa kitambaa ni jambo la kumnyima usingizi. Pwani yetu hii yenye bandari bubu, mwenye mifuko ya sukari hataki ionekane ilipangwaje. Kwenye mwalo wa samaki, kamera huleta wazo la doria: nyavu zenye macho madogo, samaki wachanga, baruti. Muuza nguo anaogopa jirani ataiga mtindo na bei. Hakuna hata mmoja atakayekwambia hivyo. Atasema "hapa hapapigwi picha".

Wakala wa pesa za simu ana sababu nzito kuliko wote, na hapa nakaa kidogo. Tazama meza yake: simu mbili tatu, droo, na daftari lililofunguliwa. Kwenye daftari kuna tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, pengine na namba ya kitambulisho, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya bluu. Ukisimama mita moja hivi kumpiga picha mama mwenye dera jekundu aliyeegemea kibanda, ukurasa ule umo kwenye picha yako, na kwa simu ya kisasa ukiukuza tarakimu zinasomeka. Umeiweka mtandaoni. Tapeli sasa ana jina, namba na kiasi alichotoa mtu leo asubuhi, na ujumbe wa "nimekosea kutuma, nirudishie" unaandikika. Hiyo ni hatari ya kweli. Basi usipige kuelekea kibanda cha wakala, dirisha la benki wala mashine ya kutolea pesa. Ikitokea imeingia, kata picha au funika kabisa kwa rangi moja. Ukungu mwepesi hautoshi, tarakimu zilizotiwa ukungu kidogo bado zinaweza kubahatishwa.

Kuna heshima pia, ambayo haihitaji kifungu. Wapo wanawake wa hapa ambao hawataki sura zao zitembee kwenye simu za watu, wapo wanaume ambao hawataki ndugu wajue wanauza mkaa, na mtoto hana uwezo wa kukubali. Anayegeuza uso au kuvuta ushungi ameshajibu.

Jambo la tatu, picha inakwenda wapi, ndilo linalokugusa zaidi kuliko unavyofikiri, kwa sababu unatangaza biashara. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka anayekusanya na kutumia taarifa za watu kwa shughuli zake awe na msingi halali, na kwako wewe msingi huo ni ridhaa. Picha ya soko lenye umati, nyuso ndogo kama punje, haina neno kubwa. Picha ya mteja mmoja amekunjua kitenge, chini umeandika bei na namba ya simu, ni tangazo linalotumia sura yake. Muombe, na uwe na ushahidi: mtumie picha WhatsApp, uandike "naomba kuitumia kwenye ukurasa wa duka langu", naye ajibu. Usifute mazungumzo hayo. Akibadili mawazo baadaye, iondoe siku hiyohiyo.

Kuhusu yule wa elfu kumi. Soko la umma ni mali ya halmashauri, nayo inaweza kuwa na taratibu na sheria ndogo za shughuli za kibiashara ndani yake. Kwa hiyo kuombwa kibali unapokuja na kamera si upuuzi. Kutoa pesa mkononi ndiko kulikoharibika. Malipo ya serikali kwa kawaida hutangulia na namba ya malipo, ile inayotumwa kwa simu au kuchapwa kwenye karatasi, unalipa benki au kwa simu, unapata stakabadhi. Asiye na namba ya malipo wala stakabadhi, usimpe pesa. Mtu akikudai tena, muulize kwa upole jina lake, idara yake, na namba ya malipo. Wengi huishia hapo. Akishikilia, TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa 113.

Njia ya halali si ndefu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Jiji, kupitia kwa afisa masoko, nakala kwa mwenyekiti wa soko. Taja jina lako, namba ya NIDA na ya simu, duka lako liko wapi, utapiga nini, siku na saa gani, kwa kifaa gani, na picha zitaonekana wapi. Peleka mbili: moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea. Hata kabla majibu hayajatoka, nakala yenye muhuri inapunguza maneno sokoni. Kwa jengo binafsi, usijadiliane na mlinzi kabisa. Yeye analinda kazi yake, na akikuachia wewe ataulizwa yeye. Nenda kwa msimamizi wa jengo, omba ruhusa ya maandishi ya duka fulani kwa saa fulani, na mwenye duka aandamane nawe. Ila kazi ikikua ikawa filamu au tangazo lenye waigizaji na kikosi cha watu, hapo ulizia kwanza Bodi ya Filamu.

Ukiwa kazini, vitu vidogo ndivyo vinavyoleta ugomvi. Stendi ya kamera ni ya kwanza: inaziba kichochoro, mbeba mzigo anajikwaa, na mara moja unaonekana mtu wa televisheni. Iache nyumbani, egemea nguzo. Lenzi ndefu inayovuta mbali huwafanya watu wajione wanaviziwa. Bora usogee, usalimie, upige karibu. Nenda asubuhi mapema, wakati wachuuzi wanapanga na jua bado liko chini, badala ya saa nne kukiwa na msongamano. Piga mikono, kitambaa, pindo la kanga na jina lake. Hivyo ndivyo vinavyouza nguo, nyuso za wapita njia haziuzi chochote. Nunua kitu pale unapopigia. Na kama mlinzi ni mtu mzima, anza na shikamoo kabla hajaanza yeye. Ni ajabu jinsi neno hilo linavyobadili mazungumzo yaliyokuwa yaanze na "we dada!"

Kwenye mipangilio ya kamera zima alama ya mahali. Picha iliyopigwa nyumbani kwako huwa imebeba ndani yake mahali penyewe kwa usahihi wa mita chache. WhatsApp huiondoa alama hiyo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati ili isipungue ubora, inakwenda nayo.

Je, ushitaki? Nitakwambia navyoona. Kama picha zimerudi na simu haikuvunjika, barua kwa msimamizi wa jengo inatosha: eleza siku, saa, kilichofutwa, omba video itunzwe, omba maelezo ya maandishi kuhusu sera yao ya picha. Kampuni ya ulinzi hujibu haraka mteja wake akiuliza. Kama ulishikwa mwili, ukasukumwa, simu ikaharibika, au picha zilizopotea zilikuwa kazi ya kulipwa, nenda kituo cha polisi, Chumbageni kwa mfano, uandikishe taarifa na uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ukiwa na jeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali. Kama aliyekugusa alikugusa kwa namna isiyofaa, uliza Dawati la Jinsia na Watoto palepale kituoni. Na ukitaka kudai fidia, hapo huhitaji jibu la kuandikiwa, unahitaji wakili aione simu yako na karatasi zako. Kama uwezo ni mdogo, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Tanga na wanatoa msaada wa kisheria. Usiende kwenye jengo lile na simu inarekodi ukimtafuta mlinzi yuleyule. Nimeona ushauri huo ukitolewa mitandaoni na haumsaidii mtu.

Mwisho, droni ya kijana. Kuimiliki na kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, pamoja na idhini ya Wizara ya Ulinzi, na hakuna msamaha kwa sababu ni ndogo au ni ya kutangaza madera. Tanga ina ugumu wa ziada: uwanja wa ndege uko karibu na mji, na bandari iko palepale mjini, kwa hiyo karibu kila anga ya juu ya maduka yetu inagusa kimojawapo. Aulize TCAA kabla hajalipa, si baada ya mzigo kufika.